Kaseti za papa: Amstrad CPC 464 ndani ya laptopu

Habari zenu, ndugu. Niko Bukavu, Kadutu. Papa alirudi na Amstrad CPC 464, kompyuta ya zamani inayosoma programu kutoka kaseti, kutoka masomoni Ubelgiji. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa nguvu, ikaungua. Zimebaki kaseti saba. Moja ina programu ya hesabu za kahawa aliyoiandika mwenyewe. Kwenye jalada bado kuna mwandiko wake wa wino wa bluu: "KAHAWA, usifute". Nimezirekodi kwa laptopu, nikaweka emuleta Caprice32, programu inayoiga kompyuta hiyo. Nikiandika amri ya kufungua programu, RUN" inaniambia diski haipo. Papa ana miaka 74, natamani sana aione tena.

Jibu 1
Pole kwa mashine, kaka. Emuleta yako imejiwasha kama CPC 6128, ile ya 1985 yenye diski. Ya papa ni ya 1984, kaseti imo ndani yake. Chagua 464, au andika kwanza |TAPE (isome kaseti, si diski), kisha RUN".

Jibu 2
Umerekodi kwa MP3? Usifanye hivyo! Ule mlio wa kaseti ndio data yenyewe, na MP3 inaukata. Rekodi upya kwa WAV (sauti isiyobanwa), mono, kisha igeuze kuwa faili ya CDT, aina ambayo emuleta inaisoma kama kaseti. Na safisha kichwa cha redio (kile kinachosoma utepe) kwa pamba na spiriti kabla ya kila kaseti, hasa hiyo ya kahawa.

Mwenye swali
Ilikuwa MP3 kweli. Nimerekodi upya, nimeweka 464. Inasoma: bloku 1, bloku 2... Nimemwita papa, amevuta kiti.