Gari dogo la mkononi kwa mzee wa miaka 72, Morogoro: IST, Raum, Vitz au Passo?

BintiKihonda
Habari za jioni wakuu. Natafuta gari la baba. Ana miaka 72, anaishi Kihonda, mchana bado anaendesha vizuri, ila magoti yote mawili yanamuuma na kuinuka kutoka kiti cha chini ni kazi. Safari zake ni sokoni, kanisani, kliniki mara moja kwa mwezi, na shambani ambako kuna kipande cha vumbi kama kilomita sita. Kwa mwezi hafikishi kilomita 400. Mama hukaa kiti cha abiria, naye anatembelea mkongojo.

Bajeti ni milioni 12, gari liwe limeshasajiliwa, otomatiki. Mimi niko Dar, siwezi kumsimamia fundi kila mara. Dalali ameniletea IST namba D (herufi zake za usajili zinaanza na D), Raum namba C, Vitz ya cc 990 na Passo. Nichukue lipi, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

FundiGia
Dada, anza na magoti ya mzee, jina la gari lifuate. Chukua tepu, pima kutoka sakafuni hadi juu ya kiti cha nyumbani ambacho anainuka bila kushika kitu. Kisha pima kiti cha dereva cha kila gari kutoka ardhini, ukimkalisha mtu kwanza ili sponji ilale. Gari ambalo kiti chake kinakaribia kipimo cha nyumbani ndilo lake. Likiwa chini sana ataporomokea ndani na kutoka itakuwa shida. Likiwa juu sana atalipanda kama ngazi. Baada ya hapo apande na kushuka mara tano mfululizo. Mara ya kwanza kila mtu anaweza, ya tano ndiyo inayosema kweli. Tazama na kizingiti cha mlango: kikiwa kipana, mguu unalazimika kunyanyuka na kwenda mbali kabla ya kugusa chini.

Sasa mashine. IST toleo la kwanza (2002 hadi 2007) ni NCP60 yenye injini ya 2NZ cc 1300, au NCP61 yenye 1NZ cc 1500. Raum ya NCZ20 (kuanzia 2003) nayo ni 1NZ. Ni ukoo mmoja, zinatumia cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila kilomita laki moja. Giaboksi ni ya gia nne za kawaida, na hapo ndipo ningeweka uzito wote. IST toleo la pili, NCP110, ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua. Si mbaya, ila haisamehe. Fundi akiijaza haidroliki (oili ya giaboksi) ya kawaida badala ya oili yake ya CVT, mkanda wa chuma ulio ndani unaanza kuteleza, gari linatetemeka likiondoka, na baada ya muda unanunua giaboksi. Mzee akiwa peke yake gereji na wewe uko Dar, kosa kama hilo ni jepesi kutokea. Mnunulie gari linalovumilia makosa ya fundi.

Udhaifu wa hizi NZ ni wa kujulikana. Zikizeeka au zikicheleweshewa sevisi zinakula oili, kwa sababu ringi za pistoni zinaganda kwa masizi na oili inapanda juu. Pampu ya maji huvuja polepole. Utaona ukoko mkavu wa kulanti (maji ya rangi ya kupoza injini) kuzunguka puli yake. Koili ya plagi ikifa injini inamisi (inakosa moto) na taa ya injini inawaka. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikishuka hadi gari linataka kuzima ukiwasha AC, mara nyingi ni throto (mlango wa hewa ya injini) chafu, inasafishwa kwa nusu saa. Hakuna hata kimoja hapo kinachokosa spea Morogoro.

MzeeWaSpea
Naungana na FundiGia kwenye giaboksi, ila Raum isipite kimyakimya, kwa sababu mama ana mkongojo. NCZ20 upande wa kushoto haina nguzo ya katikati. Imefichwa ndani ya milango. Mlango wa mbele ukifunguka wote na wa nyuma ukiteleza, unabaki uwazi mpana na sakafu tambarare. Mama anakaa kwanza, kisha anageuza miguu yote miwili pamoja. Hata usukani wake umebanwa kidogo juu na chini, mapaja ya dereva yanapata nafasi.

Lakini muangalie yote mawili. Kwanza, uwazi huo ni wa upande wa abiria. Kwa mzee mwenyewe, aliyeko kulia, mlango wa mbele ni wa kawaida. Pili, mlango wa kuteleza hauipendi barabara ya vumbi. Mchanga unakaa kwenye reli ya chini, roli zinalika, mlango unakuwa mzito, na mama hatauvuta. Kwenye ukaguzi, vuta mlango kwa vidole viwili, gari likiwa limezimwa, kwanza kwenye tambarare kisha kwenye mwinuko. Ukikwama katikati, roli zimekwisha. Angalia pia raba za milango ya kushoto: kama kuna mstari wa vumbi ndani ya raba, hazibani tena, na mvua itaingia.

Bodi ya Raum iko chini kuliko ya IST. Kama kile kipande cha shambani kina makorongo, IST itapita mahali ambapo Raum itakwangua tumbo. Na siku ya kuuza, IST inapata mteja haraka zaidi.

BintiKihonda
Asanteni sana. Barabara ni vumbi tu, ina bonde moja linaloharibika masika. Vitz na Passo mbona hamzigusi? Dalali anasema mafuta ni kidogo sana.

FundiGia
Ni kweli mafuta ni kidogo, lakini kwa kilomita 400 kwa mwezi tofauti hiyo haiwezi kulipia usumbufu. Vitz ya cc 990 (KSP90) na Passo ya KGC10 zinatumia injini moja, 1KR, ya pistoni tatu. Ni injini imara, cheni pia. Ila pistoni tatu kwa asili zinatikisa, na mtikisiko huo unakula mauntingi za injini (raba zinazoishikilia). Ukisikia usukani unatetemeka gari likiwa limesimama kwenye D, mauntingi zimekwisha. Ikibeba watu wanne na gunia la mahindi, inalia. Kwa Vitz kuwa makini na ile ya cc 1300, SCP90, iliyokuja na CVT. Dalali anaweza kuziita zote Vitz tu. Soma namba ya modeli kwenye kibati cha chesisi.

Kama magari yote yangekuwa na hali sawa: IST ya kwanza kwa barabara yenu, Raum kama mama ndiye mwenye shida zaidi. Ila hali haiwi sawa. Passo iliyotunzwa inaishinda IST iliyochoka, siku zote.

NgaoYaRejeta
Kwenye kukagua, fika asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe gari. Ukigusa boneti ukakuta ina joto, rudi siku nyingine, maana gari lililopashwa moto linaficha mengi.

Likiwa la baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Kulanti inatakiwa iwe na rangi yake, ya pinki au kijani, na iwe safi. Maji ya kutu yanamaanisha lilikuwa linajazwa maji ya bomba, na pampu na rejeta vimeanza kulika kwa ndani. Ukiona utando wa mafuta juu yake, ondoka. Gasketi ya silinda hedi inavuja au injini imeshawahi kuchemsha. Fungua na mfuniko wa oili: ukiona tope jeusi limegandia chini yake, sevisi zilirukwa.

Geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, mtu ameing'oa au ameiziba. Washa, acha dakika tano kwenye sailensa, halafu mwenzako asimame nyuma wakati unakanyaga mafuta. Moshi wa bluu hapo ni oili inayoungua. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha wenyewe usikutishe.

Giaboksi: ukiwa umekanyaga breki, toa N weka D, kisha R. Ikichelewa zaidi ya sekunde mbili au ikipiga kishindo, ina kazi. Vuta kijiti cha haidroliki, ipanguse kwenye karatasi nyeupe, inuse. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ishara kwamba klachi za ndani zinalika. Usikubali "tutaibadilisha tu".

Kata kona kamili kushoto na kulia polepole. Mlio wa ta-ta-ta ni joint ya ekseli ya nje. Pita kwenye matuta na redio imezimwa: mgongano mdogo mbele huwa ni stabilaiza linki, ambazo ni bei rahisi, mlio mzito nyuma huwa ni bushi za ekseli. Halafu mashine ya kupimia, inayosoma kodi (namba) za hitilafu za gari. Pima gari kabla, endesha nusu saa, pima tena, kwa sababu kodi zinaweza kuwa zimefutwa jana yake. Kilomita za dashibodi usizitegemee. Tazama raba ya pedeli ya breki na usukani: kilomita 70,000 na pedeli iliyolika hadi chuma haviendani.

Tairi zina tarehe ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikizidi miaka sita zihesabu kama gharama, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ipo.

MzeeWaSpea
Airbag (puto la usalama) nayo isisahaulike. Vitz na Corolla nyingi za miaka ya 2000 ziliitwa na Toyota zirudi kurekebishwa kwa sababu ya airbag za kampuni ya Takata. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikilipuka inaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Kwa gari lililotoka Japani, ingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa kuangalia magari yaliyoitwa, uone kama lake liliitwa na kama kazi ilifanyika.

Karatasi: namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, zilingane na kadi. Jina kwenye kadi liwe la anayeuza. Angalia faini za polisi na deni la maegesho kwa namba ya gari kabla ya kusaini, maana mmiliki mpya ndiye atakayesumbuliwa. Mkataba upite kwa wakili, kisha uhamisho TRA mara moja, kwa jina la mzee.

FundiGia
Ukishanunua, usimkabidhi mzee kabla ya sevisi moja kamili, hata muuzaji akiapa kwamba ilifanyika juzi. Kwa 1NZ: oili 5W-30 lita 3.7 pamoja na filta, plagi nne, filta ya hewa, mkanda wa nje, kulanti mpya, maji ya breki DOT 3. Haidroliki iwe ile iliyoandikwa kwenye kijiti, T-IV. Mwaga na ujaze, kama lita 3 hivi, bila kuisukuma yote kwa mashine. Andika namba ya oili hizo kwenye stika, uibandike ndani ya boneti. Fundi yeyote atakayefungua ataisoma.

Kwa matumizi yake, hesabu kwa kalenda, si kilomita. Safari fupi hazipashi injini moto wa kutosha, unyevu unabaki kwenye oili, na betri haijai. Abadilishe oili kila miezi sita hata kama hajafikisha kilomita 5,000. Betri ipimwe kabla ya masika: volti 12.6 gari likiwa limelala usiku kucha, kati ya 13.8 na 14.4 likinguruma. Na mara moja kwa wiki aende safari ya nusu saa isiyokatika.

Jambo moja mzee afundishwe kwa mdomo, akiwa amekaa kwenye kiti. Vitz na wenzake wengi hawana mshale wa joto. Wana taa tu. Ya bluu asubuhi ni injini bado ya baridi, itazima yenyewe. Nyekundu ikiwaka ni kusimama pale pale, kuzima, na kutofungua rejeta mpaka ipoe. Asijaribu kufika nyumbani.