Mjadala: Kipimo cha vinasaba kiamue nani Mswahili?

Mwanzisha mada:
Wakuu, habarini. Utafiti wa vinasaba vya kale vya Pwani, uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2023, umezua ubishi usiokwisha. Anayejiita Mshirazi, yaani mtu wa ukoo unaosemekana ulitoka Uajemi, anasema habari za babu zake zimethibitishwa. Anayeuona Ushirazi kuwa hadithi ya kujitenga na Waafrika wenzake, naye anaushika utafiti uleule. Msimamo wangu ni kwamba kipimo hakina haki ya kuamua nani Mswahili.

Yalipimwa mabaki ya watu 80, wengi wao wakiwa wa miji ya Pwani kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi wao, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ilitoka Afrika. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilitoka Uajemi, pamoja na kiasi cha India, na baada ya mwaka 1500 hivi ikaongezeka ya Arabuni. Kuchanganyika kulishaanza kufikia mwaka 1000 hivi. Sasa, kuna vinasaba ambavyo mtu hurithi kwa mama tu, na kuna kromosomu Y ambayo baba humpa mwana wa kiume. Vya mama vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika, vya baba vingi vya Asia. Yaani bibi wa hapahapa, babu wa ng'ambo. Na watoto wakakua na lugha ya bibi: Kiswahili ni Kibantu, ndugu wa Kimijikenda na Kingazija.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 1972 mwanabiolojia wa Marekani, Richard Lewontin, alikokotoa kwamba kama 85% ya tofauti za kurithi za binadamu zimo ndani ya jamii mojamoja. Kati ya "rangi" na "rangi" alikuta kama 6% tu. Mtaa mmoja wa Lamu unabeba sehemu kubwa ya tofauti zinazopatikana duniani. Kabila safi mtalikata wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwenye 85% umeruka jambo. Mwaka 2003 A.W.F. Edwards, mtaalamu wa takwimu na jenetiki wa Uingereza, alimjibu Lewontin: hesabu ile inaangalia jeni mojamoja. Ukiziangalia nyingi kwa pamoja, asili ya mtu inajulikana vizuri. Mwaka mmoja kabla, watu 1,056 wa jamii 52 walipimwa, na kompyuta ikawapanga karibu sawa na mabara yao bila kuambiwa walikotoka. Tofauti ndogo zikipangika pamoja zinasema mengi. Usitufiche hilo kwa sababu hulipendi.

Mwanzisha mada:
Nakubali, hoja ya Edwards nilipaswa kuileta mwenyewe. Lakini utafiti huo wa 2002 ulikuta pia kwamba 93 hadi 95% ya tofauti zimo ndani ya jamii. Na idadi ya mafungu huchaguliwa na mtafiti. Alipotaka matano, yalitoka ya mabara. Alipotaka sita, la sita likawa Wakalash, jamii ndogo ya milimani Pakistan. Nani atawaita Wakalash rangi ya sita ya binadamu? Kipimo kinakuonyesha walikopita wazee wako. Jina la fungu tunalitia sisi.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, mmeshika hesabu mkasahau makaburi. Wengi wa waliopimwa Pwani walikuwa watu wa tabaka la juu. Mvuvi, mkulima na mtumwa wa miji ileile hawamo, au wamo wachache mno. Na utafiti wenyewe unaonyesha kwamba baadhi ya wanaojitambua leo kuwa Waswahili wamerithi kidogo sana kutoka kwa waliozikwa pale. Mimi ni mtoto wa Pwani. Watu wa namna hiyo ni majirani zangu. Wanazaliwa, wanaoana na wanazikwa kwa Kiswahili. Anayetaka kipimo kiamue, aanze kwa kutueleza hao atawaita nani.