Kadi ya mfumo wa nyumba imekufa pamoja na nakala zake: nirejesheje mipangilio?

Mkazi wa Kahawa Sukari

Hamjambo wanajukwaa. Naomba msaada katika jambo lililoninyima usingizi tangu Jumamosi. Nyumbani kwetu tunatumia Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inayotumia kadi ya kumbukumbu, nayo huendesha taa, sensa za milango, king'ora, na hasa pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu. Maji ya mfereji hutufikia siku mbili tu kwa wiki, na mara nyingi huja usiku wa manane, kwa hiyo pampu kujiwasha yenyewe si anasa kwetu. Mama yangu ana maumivu ya goti na hawezi kushuka ngazi saa tisa za usiku kutafuta swichi.

Jumamosi jioni umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, na baada ya mara ya tatu mfumo haukuamka tena. Taa nyekundu ya Pi inawaka, lakini ile ya kijani inapepesa mara chache kisha inatulia. Nilikuwa nimewasha nakala rudufu za kila usiku, ila sikutambua kwamba zote zilikuwa zikihifadhiwa kwenye kadi ileile iliyoharibika. Kwenye kipakatalishi changu nina mafaili mawili tu niliyoyanakili mwaka jana, yaani configuration.yaml (la mipangilio ya jumla) na automations.yaml (la amri zinazojiendesha).

Nina vifaa 34 vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana bila waya kwa mtandao wao wenyewe, na vingine vimefungwa juu ya dari. Je, mafaili hayo mawili yanatosha kuurudisha mfumo kama ulivyokuwa, au itanibidi nipande ngazi na kuoanisha kila kifaa upya?

Fundi wa Luthuli

Pole sana, dada. Kwanza kabisa, usiifute kadi hiyo wala usiiandikie chochote. Katika kazi yangu nimeona kadi nyingi za aina hii ambazo haziwezi tena kuwasha mfumo lakini bado zinasomeka, kwa sababu umeme unapokatika kadi ikiwa katikati ya kuandika, mara nyingi kinachoharibika ni sehemu tu ya data na si kadi nzima. Itoe, uiweke kwenye kisoma kadi, uichomeke kwenye kompyuta yenye Linux. Windows haitakuonyesha kitu cha maana, kwa kuwa sehemu unayoitafuta imeandikwa kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, na ikikushauri uiandae kadi upya, kataa. Tafuta sehemu kubwa kuliko zote, inayoitwa hassos-data. Ndani yake ingia kwenye folda ya supervisor, kisha backup. Hapo ndipo nakala za kila usiku hukaa, kila moja ikiwa faili moja la tar, yaani kifurushi cha mafaili mengi. Kama kadi inasitasita, chukua kwanza taswira, yaani nakala kamili, ya kadi nzima kwa programu ya ddrescue, kisha ufanye kazi kwenye taswira hiyo, maana kadi inayokufa haipendi kusomwa mara nyingi.

Kuhusu mafaili mawili uliyo nayo, nakuambia ukweli ili usije ukajenga juu ya mchanga: hayatoshi. Watu wengi hudhani configuration.yaml ndiyo nyumba nzima, kwa sababu zamani karibu kila kitu kiliandikwa humo. Siku hizi orodha ya vifaa, majina uliyovipa, vyumba, watumiaji na viunganishi vyote hukaa katika folda iliyofichwa iitwayo .storage, ambayo hukuinakili. Tena faili lako la automations.yaml huenda linakitaja kila kifaa kwa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu ambacho mfumo hukitunga wakati kifaa kinaposajiliwa. Ukianza upya, balbu ileile ya sebuleni itapewa kitambulisho kingine, na amri uliyoiandika itabaki ikimwita mtu aliyekwisha kuhama. Zile amri zinazotumia majina ya kawaida, kama vile switch.pampu, zitafanya kazi tena mradi uyarudishe majina yaleyale herufi kwa herufi.

Kuna habari njema pia. Kijiti chako cha Zigbee, kile cha USB kinachowasiliana na vifaa hivyo, hakikuungua, na ufunguo wa mtandao wa Zigbee pamoja na anwani yake umo katika kumbukumbu ya kijiti chenyewe. Kwa hiyo hata kama nakala hazitapatikana, mfumo mpya ukikuuliza, chagua kuuhifadhi mtandao uliopo badala ya kuunda mpya. Ukiunda mtandao mpya kwa haraka, vifaa vyote 34 vitabaki vikisubiri ufunguo ambao haupo tena, na hapo ndipo ngazi itakapohitajika.

Swali moja: je, nakala zako zilikuwa na usimbaji fiche? Tangu toleo la Januari 2025, nakala za kiotomatiki hufungwa kwa ufunguo, na mfumo hukutaka upakue karatasi ya dharura yenye ufunguo huo. Bila ufunguo, faili la tar halitakusaidia.

Mkazi wa Kahawa Sukari

Ahsante sana, Fundi. Nimeazima kompyuta ya jirani yenye Linux na kadi imesomeka, ingawa polepole mno. Nimekuta nakala saba, ya mwisho ikiwa ya Ijumaa usiku, na zote nimezinakili mahali pawili. Ufunguo nilidhani sina, hadi nilipopekua folda ya vipakuliwa na kukuta faili dogo la maandishi ambalo nililipakua bila kulisoma, lenye makundi ya herufi na tarakimu yaliyotenganishwa kwa vistari. Sasa naogopa kukosea hatua inayofuata. Niirejesheje?

Fundi wa Luthuli

Nafurahi mno kusikia hivyo. Sasa achana na kadi. Nunua diski ya SSD na kebo yake ya USB, kwa kuwa Pi 4 huweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye diski, na diski huvumilia kuandikwa usiku na mchana kuliko kadi. Weka Home Assistant mpya kwenye diski, iwashe, na ukurasa wa kwanza utakapofunguka usitengeneze akaunti mpya; chagua kurejesha kutoka kwenye nakala, pakia faili la Ijumaa, andika ufunguo, kisha uwe na subira. Ukurasa unaweza kuonekana kama umekwama kwa muda mrefu, nawe usichomoe umeme. Mfumo ukirudi, utaingia kwa jina na nenosiri lako la zamani.

Jambo moja ambalo wengi hulipata kwa uchungu: tundu za USB 3 na diski zake hutoa mwingiliano katika masafa ya 2.4 GHz, na hayo ndiyo masafa ya Zigbee. Ukikichomeka kijiti kando ya diski, utaona vifaa vikipotea na utadhani urejeshaji umeharibika. Kitumie kwa kebo ndefu ya USB, kikae mbali kidogo na Pi, kwenye tundu la USB 2.

Msomaji wa South B

Naomba kuongeza jambo ambalo halimo ndani ya faili lolote la nakala, nalo ni ruta. Mwaka huu nilihamia kampuni nyingine ya intaneti, fundi wao akaleta ruta mpya yenye jina jipya la Wi-Fi, na soketi zangu zote za Wi-Fi zikawa mayatima siku hiyohiyo. Nilianza kuzioanisha moja moja, hadi kijana wa jirani aliponiambia niipe ruta mpya jina lilelile la mtandao wa zamani na nenosiri lilelile, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa. Ndani ya dakika chache zikajirudia zenyewe. Hakikisha tu kwamba masafa ya 2.4 GHz yamewashwa, kwa sababu soketi nyingi za bei nafuu haziyajui masafa ya 5 GHz. Vilevile, kama umevitengea vifaa vyako anwani maalumu za IP, zinakili, kwani orodha hiyo huondoka na ruta.

Mama wa Lang'ata

Dada, mimi limenigusa suala la pampu. Sisi tuna kisima na tangi la lita 5,000, na mfumo wetu ulipokufa pampu ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuizima. Maji yalimwagika hadi kwa jirani wa chini. Tangu hapo naamini kwamba amri ya kuzima pampu haipaswi kuishi kwenye kompyuta peke yake.

Kama relei yako, yaani swichi ya kielektroniki inayowasha pampu, inatumia programu ya Tasmota, fungua konsoli yake (ukurasa wa kuandikia amri) na uandike PulseTime 1900. Relei itajizima yenyewe baada ya dakika 30, maana Tasmota huondoa 100 katika namba hiyo na kuhesabu sekunde 1,800 zinazobaki. Kisha andika PowerOnState 0, ili umeme ukikatika na kurudi pampu isijiwashe bila kuamriwa. Ukimaliza, ingia kwenye menyu ya usanidi wa relei na upakue nakala yake, faili linaloishia na .dmp, kwa kuwa nakala ya Home Assistant haibebi mipangilio iliyo ndani ya relei. Tena mwulize fundi wa umeme kama pampu yako inapitia kontakta, ile swichi kubwa ya kubebea mota, kwani relei ndogo haikuundwa kubeba mota moja kwa moja.

Mkazi wa Kahawa Sukari

Narudi kuwapa taarifa. Urejeshaji ulichukua dakika zipatazo 40, na vifaa 33 kati ya 34 vimerudi bila kuguswa. Kimoja kilichokataa ni sensa ya lango, ambayo ilihitaji betri mpya tu. Nakala za usiku sasa zinakwenda kwenye Google Drive, na ufunguo nimeuchapisha kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha ya hati za nyumba, ambayo hata ndugu yangu anajua ilipo. Pi na ruta zote zinapitia UPS ndogo, yaani betri ya akiba umeme ukikatika.

Kuhusu pampu, nimeandika amri zote mbili za Mama wa Lang'ata, na fundi amethibitisha kwamba kontakta ipo. Leo asubuhi niliiwasha pampu kisha nikachomoa waya wa Pi makusudi, nikasimama kando ya tangi na saa mkononi. Dakika ya 30 ilipotimia nilisikia kontakta ikilia mara moja, na maji yakakatika.