Eti mkono wa baba yangu ni "wa kuvalia saa tu"! Yule jamaa wa mazoezi anatutakia nini?

MwanaMkanaledi

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye benchi la nje ya chumba cha mazoezi ya wagonjwa, nasubiri bajaji, vidole vinatetemeka. Mkiona herufi zimerukwa mnivumilie. Na mods tafadhali msiuunganishe uzi huu na mwingine, huu ni wa kwake peke yake.

Mnamjua. Simtaji, lakini mtu yeyote hapa Mtwara mjini aliyewahi kuuguza mtu aliyepooza anamjua. Chumba cha mwisho, pazia la kijani, simu imeegeshwa kwenye chupa ya maji inatangaza mpira tangu asubuhi mpaka jua linazama. Huyohuyo.

Leo kamwambia baba yangu, mbele ya benchi zima: "Mzee, mkono huu sasa ni wa kuvalia saa tu."

Wa kuvalia saa!

Baba alipata kiharusi mwezi wa 11, asubuhi, anageuza korosho uani kwetu Naliendele. Mdomo ukaenda upande, reki ikamponyoka, akawa anaongea kama ana maji mdomoni. Upande wote wa kulia ukalala. Presha alikuwa nayo, vidonge anameza siku kichwa kikimuuma tu, na hilo nyumbani tumelikiri, ni kosa letu. Lakini mkono huo wa kulia ndio uliotulea watoto saba. Umepuliza salfa kwenye mikorosho misimu isiyohesabika. Mkono huo ulikuwa unazijua korosho za daraja la kwanza na la pili kwa kuzigusa tu, macho yako kwenye mazungumzo. Leo ni wa kuvalia saa?

Mguu ulianza kurudi mwezi wa kwanza, anatembea na mkongojo mpaka msikitini. Mkono ukagoma. Kuna dada mmoja alikuwa anajifunza kazi pale, akatuambia mtafutieni mzee kazi ambayo mkono wake unaikumbuka. Tukamwekea ungo wa korosho ghafi na kikombe cha bati. Aokote moja, atie kikombeni. Wiki mbili hakupata hata moja, vidole vinaisukuma korosho mpaka ukingoni mwa ungo, inabiringika inarudi katikati. Siku ya kwanza ilipodumbukia na bati likalia, mama alitoka jikoni mbio na mwiko wa ugali mkononi, akadhani mzee kaanguka tena. Jana kaokota kumi na moja. KUMI NA MOJA wakuu! Jasho linamtiririka kama kalima ekari nzima.

Leo tumekuja kumwonesha jamaa hizo kumi na moja. Korosho nimezifunga kwenye leso ya mama, kikombe nimebeba. Hakutazama! Alimshika mzee mkono uleule mgonjwa, akamwinua kwa kuuvuta, kama anang'oa mhogo. Mzee akapiga yowe ambalo nadhani Msumbiji wamelisikia. Jamaa akauachia, ukaanguka pajani kama samaki aliyetupwa mezani. Ndipo akatamka. Wa kuvalia saa tu. Na kuna watu kwenye benchi wakacheka!

Baba hana saa. Hajawahi kuvaa saa maisha yake yote. Anajua muda kwa adhana na kwa kivuli cha mwembe.

Sasa hivi nimempa korosho moja aishike, kageuza uso. Ninayo hapa kiganjani. Wakuu, nifanyeje na mtu huyu?

KahawaChungu

Uzi tayari. Nimekaa siti ya mbele na kashata zangu.

BintiMikindani

Pazia la kijani? Ninamjua mpaka harufu ya marashi yake! Jamaa alimwambia bibi yangu kuwa ni "mzigo wa kubebwa, si wa kutembea". Bibi akamjibu kwa Kimakonde, sentensi moja tu. Jamaa hakuelewa, benchi zima likaelewa, mpaka mama mmoja akafunika mtoto masikio.

DogoMasasi

Mkuu, povu lote hili ni la saa? Mnunulie mzee saa yaishe.

MwanaMkanaledi

@DogoMasasi siku baba yako akiambiwa hivyo mbele za watu njoo tuongee. Hukumwona uso wake. Alikuwa ameinyoosha shati yake mwenyewe kwa ajili ya leo, na alifunga vifungo viwili kwa mkono huohuo. Viwili! Imemchukua tangu alfajiri mpaka chai. Halafu mtu anamwambia mkono ni wa saa.

FizioMoshi

Pole sana mkuu, na mpe mzee shikamoo yangu. Mimi nasomea fiziotherapia huku Moshi, mwaka wa mwisho. Nisikilize kidogo hapo kwenye kuvutwa.

Mgonjwa wa kiharusi HAVUTWI kwa mkono uliopooza. Bega linashikiliwa na misuli, na misuli ikilala bega linaning'inia, mfupa unashuka kwenye kikombe chake. Ukivuta unaweza kulitegua, au kumwachia maumivu yatakayomfanya asitake kuguswa miezi kadhaa. Kumwinua unaweka mkono wako nyuma ya bega, kwenye lile fupa pana la mgongoni, au unamshika kiunoni. Akikaa, mkono uwe juu ya meza au mto, usining'inie. Mzee akiendelea kulalamika bega, arudi akaonwe na daktari, msiseme litapoa.

La pili, mguu kutangulia na mkono kuchelewa ni jambo la kawaida sana. Nafuu kubwa huonekana miezi ya mwanzo, lakini mlango haufungwi mwezi wa nne. Ubongo unajifunza upya kwa kurudia kazi ileile mara nyingi, tena kazi yenye maana kwa mtu. Huyo dada wa ungo na korosho aliijua kazi yake. Mtu mwenye vidole vinavyookota hana mkono wa kuvalia saa.

Jaribuni na kioo. Kisimamisheni mezani katikati ya mikono, mkono mgonjwa uwe nyuma yake, mzee atazame kwenye kioo mkono mzima unavyofungua na kukunja, aone kama ndio ule mwingine. Huku mkono mgonjwa nao unajitahidi kuufuata. Ni zoezi linalotumika kweli, si mzaha.

Na huo ukimya msiupuuze. Baada ya kiharusi wengi huingia kwenye majonzi mazito, wengine mazoezi huacha kabisa. Mwambieni daktari.

KahawaChungu

Kioo tena! Yaani mzee atazame mkono ambao sio wake aamini ni wake. Huku kwetu ukionekana na kioo hicho usiku, asubuhi wanakuitia kikao cha mtaa.

MamaMingoko

@KahawaChungu cheka tu. Mimi mume wangu alipoanguka, wifi yangu mkubwa akasema ni upepo, umetumwa kutoka Newala. Akazuia gari! Siku tatu tunafukiza, mtu amepinda mdomo, chumba kimejaa moshi. Tulipofika hospitali daktari akauliza ameanza lini, nikaona aibu kutaja. Akatuambia ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa baadhi ya wagonjwa, lakini inataka mtu afikishwe ndani ya saa nne na nusu na apigwe picha ya kichwa kwanza. Sisi tulikuwa na siku tatu. Huyo wifi mpaka leo anakuja kwangu kula ming'oko na anauliza kwa nini imeiva sana.

BintiMikindani

Dada MamaMingoko, fungua uzi wa wifi. Nakuja na mkeka.

Nahodha_wa_Shangani

Tuwe wakweli. Jamaa ana mdomo mchafu, sawa, lakini ndiye aliyemfanya baba mkwe wangu atembee tena.

MwanaMkanaledi

@Nahodha_wa_Shangani na huyo baba mkwe aliambiwa mkono wake ni wa saa? Hakuambiwa. Basi. Mimi sisemi hajui kazi, nasema alilolisema. Mbele ya benchi. Korosho ziko kwenye leso, hakuuliza hata mmebeba nini.

@FizioMoshi Mungu akubariki, nimemsomea mzee ujumbe wako neno kwa neno. Pale kwenye "mtu mwenye vidole vinavyookota" akaniomba nirudie.

DogoMasasi

Samahani mkuu, nilikuwa natania. Kwani hizo korosho ghafi msimu huu mliuza mnadani au bado mnazo?

TatuBajaji

Mimi nina bajaji, na hawa wagonjwa wa kupooza ndio wanatuua. Unamsubiri nusu saa apande, mnabeba watu wawili kumwingiza, mkongojo unachana turubai, halafu ndugu anakwambia Naliendele buku mbili.

BintiMikindani

Buku mbili ipi? Wiki iliyopita mlinitoza elfu sita na bibi yangu, tena mmepitia kumshusha mtu wa Chuno!

TatuBajaji

Chuno ni njiani.

Nahodha_wa_Shangani

Chuno na Naliendele njia moja? Wewe bajaji umeanza kuendesha lini?

MwanaMkanaledi

Wakuu kabla hamjafika mbali, kuna mwenye kujua yule dada aliyekuwa anajifunza kazi pale amehamishiwa wapi? Mrefu, mpole, alikuwa anamwita mzee "babu". Mzee anamuulizia yeye tu.

TatuBajaji

Nilimaanisha ukitokea stendi unazungukia Chuno kwa sababu ya lile shimo la barabara.

KahawaChungu

Lile shimo limekuwa bwawa. Juzi nimeona bata.

MamaMingoko

Bata ni wangu hao, na mmoja hajarudi. Aliyemchukua namjua, simtaji.