Jibini lipi linamfaa anayetaka kubaki mkavu? Tulinganishe, wa Tanga

Mkavu wa Raskazone

Wakuu, salaam. Kitambi kimeshaondoka, vyuma naendelea kunyanyua, kazi iliyobaki ni kuutunza mwili usirudi ulikotoka. Nina kilo 78. Kinachonisumbua ni jibini. Nalipenda na sina mpango wa kuliacha, ila jimu kila mtu ana lake: huyu anasema kula, ni protini hiyo, yule anasema ni mafuta matupu yaliyogandishwa.

Nimepita madukani nikasoma vibandiko, nikalinganisha na majedwali ya chakula. Kwa gramu 100, kwa makadirio: cheddar ina kalori 400, protini gramu 25, mafuta 33. Gouda iko karibu nayo, kalori 356, protini 25, mafuta 27. Mozzarella ya maziwa yenye mafuta yote, kalori 290, protini 22, mafuta 22. Feta kalori 265, protini 14 tu, mafuta 21. Cottage, lile jibini laini jeupe la chembechembe, ya mafuta kidogo kalori 80, protini 12, mafuta 2 au chini. Zile pembetatu za kwenye boksi la duara hutegemea kampuni, ila protini yake mara nyingi haifiki hata nusu ya cheddar.

Mngechagua lipi, na mnalipangaje kwenye mlo wa siku?

Kocha wa Sahare

Mkuu, daftari lako zuri ila kipimo ndicho kinakupoteza. Nani anakula gramu 100 za cheddar kwa mkupuo? Angalia unapata protini kiasi gani kwa kila kalori 100. Cheddar inakupa gramu 6. Feta 5 na ushee. Mozzarella 7 na nusu. Yai zima linakupa 8. Yaani cheddar na bei yake yote inapigwa na yai la kuku. Cottage ndiyo iliyojitenga na wenzake, 15.

Sasa wewe wa kilo 78, tuseme unalenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, hiyo ni kama 125 kwa siku. Ukitaka zote zitoke kwenye cheddar, unatakiwa ule nusu kilo, kalori 2,000. Siku imeisha na wali hujauonja. Cheddar ni kiungo, mkuu. Ukiigeuza kitoweo, usije kuniuliza kitambi kimetoka wapi.

Mtoto wa Makorora

Dagaa. Mjadala ufungwe.

Mkavu wa Raskazone

@Mtoto wa Makorora dagaa nakula, na najua kwa protini hakuna jibini la kushindana naye. Hapa nauliza jibini.

Mama Chumbageni

Kaka, mimi nitakwambia kitu ambacho makocha wa jimu hawakisemi kwa sababu wanafundisha kwa vitabu vya watu wasiokula nazi. Hapa kwetu wali una nazi, maharage yana nazi, mchicha una nazi, samaki tunampaka nazi. Halafu mtu huyo huyo anaogopa kipande cha jibini! Robo kikombe ya tui zito ina kalori zinazokaribia au kupita 120. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, kalori 120. Gramu 30 za cheddar, kalori 120 vilevile, lakini hizo zinakuja na gramu 7 za protini na kalsiamu ya kutosha. Tui halikupi hivyo, mafuta hayakupi kabisa.

Kwa hiyo usiulize jibini lipi. Uliza linachukua nafasi ya nini. Siku ya jibini kwangu hakuna tui. Mchicha naupika kwa kitunguu na nyanya, mafuta kijiko cha chai, nikishaepua ndiyo nakwangulia jibini juu. Wali mweupe. Watu wa nyumbani walinung'unika mwanzoni, sasa hakuna anayeuliza. Chapati ile ya kusukuma iliyojaa mafuta kwenye kila tabaka, halafu ndani ujaze mozzarella, hapo ndugu yangu huna wa kumlaumu.

Kocha wa Sahare

Mama Chumbageni kaongea. Naongeza moja tu: nunua mzani wa jikoni. Gramu 30 za cheddar ni kipande kidogo kuliko unavyodhani, kinakaribia kiberiti. Mtu akikata kwa macho anakata 60 na anaandika 30.

Mpanda Usambara

Wa pwani mnajadili vya dukani tu. Ukipanda Lushoto, shamba la Irente wanatengeneza jibini lao wenyewe na mkate wa rai, na kati ya vitu vyao kuna quark, jibini laini jeupe la Kijerumani. Quark ya maziwa yaliyoenguliwa mafuta ni kama cottage kwa hesabu: kalori 70 hivi, protini 12. Ya maziwa kamili inapanda, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Nakula na nanasi asubuhi, au na tango, pilipili manga na chumvi kidogo. Sihitaji mayonizi tena maishani.

Halafu kuna jambo la kuchekesha. Mkoa huu ulijengewa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa msaada wa Uholanzi tangu miaka ya 1980, na Gouda ni mji wa Uholanzi, lakini muulize mtu wa Tanga mjini atakwambia jibini ni chakula cha wazungu. Maziwa tunayo, jamani. Mtindi tunakunywa kwa lita.

Shangazi wa Ngamiani

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mnahangaika na boksi za dukani wakati jibini mnaweza kulipika wenyewe. Majirani zetu Wahindi wa mjini hapa wanalipika siku zote, wanaliita paneer, na jikoni kwangu lipo karibu kila wiki.

Chukua lita mbili za maziwa freshi. Yachemshe kisawasawa, maziwa mabichi yana maradhi yake, msiyachezee. Yakipanda punguza moto, tia maji ya ndimu au siki kidogo kidogo huku unakoroga taratibu. Usimwage yote kwa pamoja, linakuwa chachu na gumu. Utaona maziwa yanakatika, mabonge meupe upande wake na maji ya kijanikijani upande wake. Yale maji yakishakuwa angavu, zima moto. Bado meupe? Ongeza ndimu kijiko kimoja, subiri. Mimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichotandikwa juu ya chujio, suuza kwa maji baridi ili uchachu wa ndimu uondoke, kamua, kisha ligandamize chini ya sufuria yenye maji kama nusu saa. Lita moja inatoa gramu 150 mpaka 200, inategemea maziwa. Ya ng'ombe wa kienyeji yana mafuta zaidi, yanatoa jibini zito.

Hili haliyeyuki motoni. Likate vipande, likaange kavu na tangawizi, binzari na pilipili, lishike rangi. Yale maji msimwage, kandieni chapati.

Na kwa wanaouliza uhalali: jibini nyingi za dukani zinagandishwa kwa renneti, na renneti ya asili hutoka tumboni mwa ndama. Siku hizi nyingine ni ya vijidudu au ya mimea, soma kibandiko. La ndimu halina swali hilo.

Kocha wa Sahare

Shangazi shikamoo. Mapishi nimeyahifadhi, ila hesabu inanikera kidogo. Ndimu inagandisha protini na mafuta yote yanaganda humo humo. Lita moja ya maziwa kamili ina protini gramu 32 hivi na mafuta 35 au zaidi. Ukishalikamua jibini lako liko kwenye gramu 7 za protini kwa kalori 100, sawa na mozzarella. Kwa anayetaka kubaki mkavu, kutengeneza nyumbani peke yake hakulipunguzii mafuta.

Shangazi wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Nani kasema atumie yenye mafuta yote? Chemsha maziwa jioni, yapoe, yalale kwenye friji. Asubuhi malai yote yako juu, engua, weka kando kwa wenye njaa. Hayatoki yote lakini yanapungua sana. Anayetaka zaidi achanganye nusu kwa nusu na maziwa ya boksi yasiyo na mafuta. Yasiyo na mafuta peke yake nimejaribu, jibini linakuwa kavu linakwaruza meno, silipendi na sitalipika tena.

Bi Lishe

Naomba nizungumzie chumvi, maana hakuna aliyeigusa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Feta inakaa kwenye maji ya chumvi, na gramu 100 zake zinaweza kubeba nusu ya hizo au zaidi. Pembetatu na vipande vya kusindikwa navyo vina chumvi nyingi. Matokeo yake mtu anakula jibini usiku, asubuhi anapanda mzani na kukuta kilo imeongezeka, anachanganyikiwa. Hayo ni maji yaliyozuiwa na chumvi. Mafuta ya mwili hayaji kwa usiku mmoja. Feta ikiwa kali, iloweke kwenye maji safi kwa saa moja au mbili, chumvi inapungua. Mwenye presha achague mozzarella freshi au hilo la Shangazi, ambalo chumvi unaitia mwenyewe.

La pili, kwa wale ambao maziwa yanawajaza gesi. Jibini gumu lililokomaa kama cheddar na Gouda lina sukari ya maziwa kidogo mno, wengi wenu mtalivumilia vizuri kuliko glasi ya maziwa. Cottage na quark bado zina kiasi, anzeni na kidogo.

Na Ramadhani, tafadhali, feta kwenye daku muiache. Mtashinda na kiu.

Mtoto wa Makorora

Hapo kwenye mzani wa asubuhi umenisema mimi. Swali la kweli sasa: pembetatu mbili kwenye mkate baada ya mazoezi, zina ubaya?

Bi Lishe

Ubaya hazina, faida ndiyo ndogo. Mbili zinakupa protini gramu 4 au pungufu. Mayai mawili yanakupa 12. Kula pembetatu kwa ladha, protini itafute kwingine.

Mama Chumbageni

Na mkisoma kibandiko angalieni kama kimeandikwa mafuta ya mimea. Kuna vitu vinauzwa vimekatwa vizuri, rangi ya jibini, vinavutika kama jibini, ndani ni mafuta ya mawese, wanga na ladha. Baadhi ya piza za mitaani ndiyo vinatumika. Sisemi sumu, nasema usiandike kwenye daftari lako kwamba umekula mozzarella.

Mkavu wa Raskazone

Wakuu, nimeelewa na nimeshapanga. Siku za kawaida, mtindi nauchuja kwa kitambaa usiku kucha kwenye friji mpaka uwe mzito, kwa sababu cottage hapa mjini siipati kila nikitaka. Hilo la Shangazi la maziwa yaliyoenguliwa, mara moja kwa wiki na mchicha. Cheddar gramu 30 kwenye mzani, siku ambazo hakuna tui wala chapati. Pembetatu nawaachia watoto.

Kocha, mtindi wa kuchuja unaupa alama gani?

Kocha wa Sahare

Ukitumia mtindi wa kawaida wenye mafuta, protini inajikusanya na mafuta nayo yanajikusanya, kinachotoka ni maji na sehemu ya sukari. Engua malai kabla hujagandisha kama unagandisha mwenyewe. Ukiupata wa mafuta kidogo, hapo unaikaribia cottage kabisa na mimi nakupa tiki. Usiuchujie mezani, joto la Tanga litakuharibia. Umeme ukikatika usiku, uonje kabla hujala.

Mkavu wa Raskazone

Shukrani. La mwisho: mozzarella nikinunua kubwa, naweza kuweka friza? Ndogo zinaniumiza mfukoni.

Mama Chumbageni

Ile ngumu ya kukwangua inakubali. Ikwangue kwanza, igawe kwenye vifuko vya gramu 30, andika tarehe. Ukitaka kupika unaitoa inaenda moja kwa moja kwenye kikaango. Cheddar pia, ila ikitoka inamegekamegeka, kwa hiyo ni ya kupikia, si ya kukata vipande. Hiyo freshi ya kwenye maji na cottage usigandishe, zinaachia maji na hutazipenda.