Boya moja lililofungwa kwa kufuli: gati la umma linahitaji vifaa gani vya uokoaji?

Mjumbe wa Kamati

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati inayosimamia gati la umma lenye urefu wa mita 120 hivi. Watu hulitumia kupanda na kushuka mashua, wengine huvua kwa mshipi, na watoto hujirusha majini kutoka kwenye ncha yake ingawa bango la marufuku liko pale pale. Kifaa pekee cha uokoaji tulicho nacho ni boya la duara lililotundikwa kwenye nguzo karibu na lango.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja aliteleza jioni akaangukia majini kule kwenye ncha. Aliyekimbilia boya alilikuta limefungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa kuwa mawili ya awali yaliibwa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Kijana alipona kwa sababu tu mvuvi mmoja alikuwa akipita na mtumbwi wake, akamnyooshea upondo. Tangu siku hiyo kamati haielewani: wapo wanaotaka maboya mengi, wapo wanaotaka fedha zote ziende kwenye uzio na mabango, na mwenyekiti wetu anasema ajali ile ilikuwa ya nadra, kwa hiyo kufuli libaki. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kwa hoja: kipi kitangulie, vifaa vikae umbali gani, na wizi tuuzuie vipi bila kumfungia mtu njia ya kuokolewa?

Serahangi Mstaafu

Ndugu mjumbe, kufuli liondoke leo, msisubiri kikao. Baada ya hapo, kabla hamjaanza kuhesabu maboya, jiulizeni swali ambalo kamati nyingi hulisahau: huyo kijana angelipata hilo boya, kisha angetokaje majini? Ukuta wa gati ulio wima na ulioota mwani haupandiki hata kwa mtu mwenye nguvu zake zote, sembuse aliyechoka, nguo zimelowa, na pengine vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Boya linamsaidia kuelea tu.

Nendeni gatini wakati maji yamekupwa kabisa, mkitazame kipandio cha mwisho cha ngazi yenu, kama mnayo. Katika kazi yangu nimekuta mara nyingi ngazi iliyopimwa maji yakiwa yamejaa, hivyo yakikupwa inabaki ikining'inia juu ya kichwa cha aliye majini. Ngazi inapaswa kushuka hadi chini ya kiwango cha chini kabisa cha maji, vipandio viwili au vitatu vikiwa vimezama, kwa sababu mtu aliyechoka hujiinua kwa miguu na si kwa mikono. Kule juu nako kuwe na vishikio vinavyopita usawa wa sakafu ya gati, la sivyo mtu hufika kwenye kipandio cha mwisho, akakosa pa kushika, akarudi alikotoka. Ipakeni rangi ya manjano au ya chungwa ionekane na aliye majini, kwani huyo ndiye anayeihitaji, na mkwangue chaza mara kwa mara. Makombe yake hukata viganja kama wembe. Kati ya ngazi moja na nyingine, tundikeni mnyororo au kamba nene inayoning'inia kwa vitanzi hadi kwenye maji, ili aliyeanguka apate pa kushika huku akijivuta kuelekea kwenye ngazi.

Kuhusu maboya yenyewe, kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea maisha melini zinatoa kipimo kizuri hata kwa gati. Boya liwe na kipenyo cha nje kisichozidi milimita 800, cha ndani kisichopungua milimita 400, uzito usiopungua kilo 2.5, na liweze kubeba chuma cha kilo 14.5 kwa saa 24 katika maji yasiyo na chumvi. Hizo kilo 2.5 hazikuwekwa bure, kwa maana boya jepesi mno hupeperushwa na upepo likaangukia kwingine. Kamba iwe ya aina inayoelea, yenye unene wa angalau milimita 8 na urefu wa mita 30. Msikubali kuuziwa ya nailoni, kwani huzama, na kamba iliyozama haiokoteki na aliye majini, tena huweza kunasa kwenye pangaboi.

Kuhusu umbali, sheria ya usalama kazini ya Marekani kwa wajenzi wanaofanya kazi juu ya maji inataka maboya yasipishane kwa zaidi ya futi 200, yaani mita 61 hivi, kila moja likiwa na kamba ya futi 90. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya magati ya umma, lakini sijaona kipimo rahisi kuliko hicho cha kuanzia. Kwa gati lenu hiyo ni vituo vitatu: langoni, katikati na kwenye ncha. Mkiwa na fedha za kituo kimoja tu kwa sasa, kiwe kwenye ncha. Mnaliweka boya langoni ilhali watu wanaangukia nchani!

Mwalimu wa Kuogelea

Namuunga mkono serahangi, nami nitazungumzia mrushaji. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na msemo huo, kwa heshima zote, umetupotosha wengi tunapokaa ukingoni. Anayetapatapa na kuita msaada bado ana pumzi ya kuitia. Anayezama kwelikweli huwa kimya: kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, unazama na kuibuka, na mikono imetanuka pembeni ikikandamiza maji badala ya kupunga. Hali hiyo inaweza kudumu kati ya sekunde 20 na 60 tu kabla hajazama. Sasa mjumbe apige hesabu mwenyewe ya kukimbia mita 120 kufuata boya na kurudi nalo.

Zaidi ya hayo, mtu wa namna hiyo hawezi kunyoosha mkono kulifuata boya lililoangukia mita mbili kutoka alipo, kwa hiyo kurusha karibu naye hakutoshi. Mrushaji asimlenge kichwani pia, maana kilo 2.5 kutoka juu ya ukuta zinaweza kumzimisha fahamu. Hulirusha likapita nyuma yake, upande ambao upepo au mkondo unatoka, kisha anaivuta kamba taratibu mpaka imlalie begani au kifuani, na boya lifuate. Ncha ya kamba abaki ameishika au iwe imefungwa gatini. Nimemwona kwa macho yangu mtu mzima akirusha boya vizuri kabisa pamoja na kamba yote, kisha akabaki ameduwaa mikono mitupu.

Kwa sababu boya zito halifiki mbali mkononi mwa mtu wa kawaida, ongezeni mfuko wa kurushia katika kila kituo. Huo ni mfuko mdogo wenye kamba inayoelea ya mita 15 hadi 25 iliyoshindiliwa ndani, inayojifungua yenyewe mfuko ukiwa hewani. Hata kijana wa miaka kumi na miwili hujifunza kuurusha kwa nusu saa. Upondo mrefu nao uwepo, ila anayeunyoosha alale kifudifudi, asije akavutwa naye akaanguka.

Jambo ambalo sitaacha kulirudia ni kwamba asiye na mafunzo na kifaa cha kumwelesha asijirushe majini. Anayezama humkumbatia chochote kilicho karibu, na familia nyingi zimezika wawili kwa sababu hiyo.

Mkishamtoa, ikiwa hapumui, msimkamue tumbo wala kumning'iniza kichwa chini. Mnapoteza muda na kumfanya atapike, matapishi yakaingia mapafuni. Aliyekufa maji amekosa hewa, kwa hiyo miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha kukandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, mpaka msaada ufike. Na hata aliyezinduka akasema yu mzima apelekwe hospitali kama alivuta maji na bado anakohoa au anahema kwa shida.

Fundi Umeme

Nichangie kidogo. Kama gati lenu lina soketi za kuchajia boti au taa zilizopitishiwa nyaya chini ya sakafu, basi kuna hatari isiyoonekana. Umeme ukivuja majini, misuli ya muogeleaji hukakamaa akazama bila jeraha lolote, na hatari ni kubwa zaidi katika ziwa au mto, kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi. Mtu akipiga kelele kwamba anasikia kuchomwachomwa mwilini, zimeni swichi kuu kwanza. Kabla ya hapo msishike ngazi ya chuma wala msiingie majini. Boya na kamba kavu mnaweza kurusha. Swichi hiyo iwe mahali panapofikika na iandikwe kwa herufi kubwa, na saketi za gati ziwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampia 30, kibonyezwe kitufe chake cha majaribio kila mwezi.

Mkaguzi wa Vifaa

Mwenyekiti wenu aelezwe kwa upole kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwenye gati moja ajali inaweza kuwa nadra, ila ikitokea haingoji mtu amalize kula.

Kuhusu wizi, wekeni boya ndani ya kasha lisilo na kufuli, mlango wake ukiwa umefungwa kwa utepe mwembamba wa plastiki unaokatika kwa kuvutwa mara moja. Utepe haumzuii mwizi aliyedhamiria, lakini humsumbua anayelichezea tu, na mkaguzi anayepita asubuhi huona kwa mbali kama umekatwa. Boya liandikwe jina la gati na namba ya kituo kwa rangi isiyofutika pande zote mbili, kwani lililoandikwa hivyo ni gumu kuuzika. Lichunguzwe kila wiki na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, si "kamati". Aikunje kamba mahali kadhaa: ikiacha unga mkononi au nyuzi zikikatika, jua limeshaila, ibadilishwe hata kama inaonekana nzima.

Kwenye mabango natofautiana na wanaoyadharau. Bango la "Marufuku kuogelea" kweli halisomwi na mtoto yeyote. Bango lenye namba ya simu ya dharura, jina kamili la gati na namba ya kituo ni jambo jingine, kwa sababu anayepiga simu akiwa na hofu mara nyingi hushindwa kueleza alipo.

Mjumbe wa Kamati

Nawashukuru sana. Kufuli tumelitoa jioni ile ile. Jumamosi tulikwenda wanne maji yakiwa yamekupwa, tukakuta kipandio cha mwisho cha ngazi yetu ya pekee kiko juu ya maji kwa urefu wa mkono mzima, tena kimelegea upande mmoja. Kamba ya boya tuliitupa majini kwa majaribio, ikazama mbele ya macho yetu. Mwenyekiti hakusema neno. Alilishika boya, akajaribu kulirusha mara tatu, na hakuna hata mara moja lilipofika pale kijana alipoangukia. Kikao kimekubali ngazi mbili mpya kwanza, kisha kasha la nchani lenye boya na mfuko wa kurushia, na vituo vingine viwili baadaye. Nina swali moja lililobaki: maji yetu ni ya chumvi, je, ngazi iwe ya chuma cha aina gani?

Serahangi Mstaafu

Chuma kilichochovywa katika zinki kinatosha na kinapatikana kirahisi. Kisichoshika kutu ni bora zaidi mkikimudu. Muhimu ni kwamba bolti ziwe za metali ile ile ya ngazi, maana metali mbili tofauti zikigusana katika maji ya chumvi moja huila nyingine. Nadhani hicho kipandio chenu kilicholegea kimeliwa hivyo, mkikifungua mtaona.