Naomba ushauri: magurudumu ya nyuma ya Peugeot 504 yameegemea nje

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu Peugeot 504 seloni ya mwaka 1980, ambayo niliiinua nyuma kwa springi ndefu zaidi ili isikwaruze matuta ya huku Kayole. Tangu hapo magurudumu ya nyuma yameegemea nje upande wa juu, na tairi zinalika ukingo wa nje hadi nyuzi za waya zimeanza kuchungulia. Nimebadilisha bushi (mipira ya maungio) na shoki, lakini mashine ya alaimenti, yaani ya kupima mkao wa magurudumu, bado inaonyesha kasoro ileile, na fundi (ambaye kwa kawaida namwamini) anasema mikono ya saspensheni inayoshikilia magurudumu ya nyuma haina bolti ya kurekebishia mwegemeo huo. Je, ni salama kuhamisha matundu ya kufungia mikono hiyo, au nirudishe springi za awali? Na nikiiacha ilivyo, shafti zinazozungusha magurudumu ya nyuma zitastahimili pembe hiyo?